Bomba la Mteremko wa Lubaga

Watu wa mteremko ule wa Lubaga wanalijua jambo hili, ingawa wengine siku hizi wanajifanya wamelisahau: maji yaliporudi pale baada ya vita, niliyarudisha mimi. Si mwanasiasa aliyekuja baadaye kupigwa picha ameshika koki. Niliyarudisha mimi, kwa mikono hii na kwa diploma yangu.

Niliondoka Kampala nikiwa mtoto wa darasa la pili, nimekalishwa juu ya gunia la nguo nyuma ya lori. Nilirudi nikiwa mwanamume mwenye taaluma. Katikati hapo kuna Nairobi, na Nairobi sikupewa kitu na mtu. Nilianza kwa kufagia duka la vifaa vya ujenzi. Baada ya mwaka mmoja niliweza kupapasa paipu macho yamefumbwa na kukuambia ni ya nusu inchi au ya robo tatu. Nikajiandikisha masomo ya jioni, nikasoma kwa miaka mitano kile ambacho watoto wenye baba wa kuwalipia husoma kwa miwili, nikamaliza na diploma ya ufundi wa maji. Katika somo la michoro nilishika nafasi ya kwanza. Najivunia hilo na sioni sababu ya kulificha.

Diploma hiyo niliivusha mpakani ikiwa ndani ya paipu ya plastiki niliyoiziba pande zote mbili, isije ikaloa. Mwanajeshi wa mpakani aliitoa kwenye mizigo yangu kwa ncha za vidole.

"Hii nini?"

"Diploma, afande."

"Diploma gani nalala ndani ya mtutu?"

"Si mtutu, afande. Ni paipu ya maji. Mimi ni fundi bomba."

"Fungua."

Nikaifungua. Aliisoma taratibu kutoka juu mpaka chini, na foleni nyuma yangu ikinisonya. Kisha akaikunja vizuri kuliko nilivyoikunja mimi, akanirudishia.

"Kampala hapana maji," akasema. "Wewe enda. Enda mbio."

Hakuwa amenidanganya. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mabomba mengi yalikuwa yamesimama kando ya njia kama nguzo tu, mengine yamevishwa nguo zilizoanikwa. Watu walichota maji kwenye chemchemi za bondeni na kupandisha madumu kwa baiskeli. Na watu walikuwa wengi, wanaongezeka kila wiki. Wengine walitoka vijijini, wengine uhamishoni kama mimi, wengine Kenya kuja kutafuta biashara kwenye maduka ya Kikuubo. Kila mtu alikuwa akigonga misumari mahali fulani. Nikajisemea, mji huu ulikuwa unaningoja.

Ila mji haukuruhusu mtu yeyote kugusa bomba lake kuu bila leseni. Nikaenda ofisi ya leseni.

Kilikuwa chumba kimoja cha halmashauri chenye dirisha lililozibwa kwa ubao. Humo ndimo walimopitia wauza nyama, vinyozi, wenye hoteli na mafundi wa kila aina. Majalada yalifungwa kwa kamba za mgomba, kwa sababu uzi wa ofisi ulikuwa umekwisha na hakuna aliyejua utaagizwa lini tena. Aliyesimamia chumba hicho alikuwa mama mmoja wa Kinubi, mpana, mwenye mtandio wa rangi ya chungwa. Alikuwa amekulia kambi ya polisi na Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha mtu wa redio. Nilifurahi kukisikia.

"Unataka leseni gani, mwanangu?"

"Ya fundi bomba, mama. Nina diploma."

Nikaikunjua mezani. Akaweka kikombe chake cha chai kwenye pembe moja isijikunje.

"Nzuri," akasema. "Hata muhuri wake unang'aa. Sasa nionyeshe maji."

"Maji gani, mama?"

"Maji yoyote uliyoyatoa katika mji huu. Mwanangu, tangu vita viishe wamekuja hapa mafundi wengi, kila mmoja na karatasi yake. Mmoja nilimwamini, akafunga bomba shuleni. Mpaka leo ukifungua koki pale, inakohoa halafu inanyamaza."

Akanieleza utaratibu wake, na baadaye nilikuja kuuheshimu. Fundi ambaye hakuwa na kazi inayoonekana mjini alipewa bomba moja la umma lililokufa. Likitoa maji, anaandikiwa leseni. Lisipotoa, anarudishiwa karatasi zake. Langu lilikuwa la chini ya mteremko wa Lubaga, na halikuwa limetoa hata tone tangu wakati wa vita. Stoo ya halmashauri ingenipa paipu za chuma zilizobaki. Vibarua ningewapata mwenyewe kwa msaada wa mwenyekiti wa mtaa.

"Daftari la leseni linafungwa siku ya mwisho wa mwezi," akasema. "Nikishalifunga silifungui mpaka mwaka ujao, hata aje baba yangu."

Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatano, siku kumi na mbili mbele. Nairobi nilikuwa nimeacha kazi na nimeacha chumba, nimewaaga watu wote kwa maneno makubwa. Bila leseni ningekaa mwaka mzima mikono mitupu, na nisingeweza kukaa hata miezi miwili. Ningerudi kwenye lile duka na kuomba ufagio wangu. Nilikuwa radhi kula udongo kuliko kufanya hivyo.

Mwenyekiti wa mtaa, ambaye watu walimwita Ssentebe kwa Luganda, alikuwa fundi cherehani. Ofisi yake ilikuwa baraza la nyumba yake. Muhuri wa mtaa ulikaa kwenye droo ya cherehani pamoja na roli za uzi na vifungo. Siku zile hukuweza kupata chochote mjini bila barua yenye muhuri huo.

"Wewe natoka wapi?" akaniuliza, sindano mdomoni.

"Nilizaliwa Kampala, Ssentebe. Nimerudi."

"Sasa kila mtu narudi. Mimi mwenyewe iko hapa mwaka moja tu. Huyu miezi sita." Akamwonyesha jirani. "Yule mama, juzi. Mtaa yote ni wageni."

"Ssentebe, gonga huyu Mkenya muhuri," yule mama akasema. Alikuwa ameketi kwenye dumu tupu akingoja gauni lake lipunguzwe. "Shingo yangu nakwisha kwa maji."

"Mimi si Mkenya, nnyabo," nikamjibu, kama mama anavyoitwa kwa heshima kwa Luganda. "Na nina diploma."

"Dipuloma!" akasema, akawageukia wenzake. "Musikie, bwana Dipuloma nakuja. Sasa tutaoga na sabuni."

Jina hilo likanishika kuanzia siku ile. Walilitoa kwa mzaha, nikalipokea kama cheo.

Nikapima mteremko kwa mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, urefu wa hatua kumi na tano. Ukishika ncha moja hapa na mwenzako akashika nyingine kule, maji yanakuambia mahali gani pako juu, na hayajui kudanganya. Ssentebe alinishikia ncha ya pili, tepu ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Bomba kuu lilipita barabara ya juu. Bomba la umma lilikuwa njia ya chini. Kulikuwa na namna mbili za kuyaunganisha. Ningeweza kufuata barabara, nikazunguka mwamba mkubwa unaokata kilima, na huko zingehitajika paipu thelathini. Au ningeweza kushuka moja kwa moja katika uwanja wa nyumba ya bibi mmoja mzee, na huko zingetosha kumi na saba. Stoo ilikuwa imenipa kumi na nane.

Katika uwanja wa yule bibi palikuwa na upenyo mmoja tu usio na mwamba, kama hatua sita upana, na udongo wake ulikuwa mwekundu na laini. Upenyo huo ulikuwa na miche minne ya oluwaanyi iliyopandwa kwa mstari. Oluwaanyi ni ule mmea wenye majani marefu yanayoinama, na kila Mganda anaujua. Hata mimi niliukumbuka tangu utoto. Majirani wawili wakimaliza ugomvi wa ardhi, huupanda mpakani, na tangu hapo hakuna anayethubutu kuung'oa.

"Mpaka," nikamwambia Ssentebe.

"Eee, mpaka," akasema.

Mpaka ni raha ya fundi bomba. Si mali ya huyu wala ya yule, na mtaro ukipita hapo hakuna anayelalamika amepunguziwa shamba. Hata hivyo nilikwenda kupiga hodi kwa mwenye nyumba, kama adabu inavyotaka. Nikabisha, nikaita hodi mara tatu kwa sauti yangu nzuri ya Nairobi. Ndani palikuwa kimya. Niliona pazia likisogea kidogo, likatulia.

Ssentebe akanivuta mkono. "Bwana Dipuloma, hapana ita hodi na Kiswahili hapa. Watu nasikia Kiswahili, nafikiri bunduki iko mlangoni. Sema Luganda."

"Luganda changu ni cha darasa la pili, Ssentebe."

Akacheka mpaka tepu ikamwanguka. "Basi wacha. Jumamosi atatuona tu."

Tukaondoka. Kosa lilikuwa hapo, na nilifanya kosa hilo mimi mwenyewe, pamoja na diploma.

Jumamosi tulikusanyika kwa kazi ile ya pamoja ambayo Waganda huiita bulungi bwansi, ambapo kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe. Walikuja wengi. Nilikuwa nimevuta kamba ya katani kutoka barabara ya juu mpaka njia ya chini, imenyooka kama mstari wa rula. Nilijua kuongoza kazi. Niliwagawa wawili wawili, kila jozi na kipande chake, nikawaonyesha kina kwa fimbo niliyoitia alama. Yule mama wa gauni alichimba kuliko wanaume watatu na hakunyamaza hata dakika moja.

"Bwana Dipuloma, Nairobi walikufundisha kushika jembe, ama kushika fimbo tu?"

"Nairobi walinifundisha kusimamia watu wenye maneno mengi, nnyabo."

"Basi ulifeli!"

Walicheka, na kazi ilikwenda. Kufikia saa nne mtaro ulikuwa umeingia uwanja wa yule bibi na umekaribia mche wa kwanza. Jembe la mtu mmoja likakata jani.

Mlango ukafunguliwa. Bibi akatoka, mwembamba, amevaa busuti yake, lile gauni refu la Kiganda, na mkanda ameufunga vizuri, kama anayekwenda misa. Hakupiga kelele. Alitembea mpaka kwenye mche wa kwanza, akaketi chini juu ya udongo, miguu ameikunja upande mmoja kama anayekaribisha wageni mkekani. Majembe yakasimama.

Alisema Luganda, na nilishangaa kuwa nilikielewa chote.

"Mnachimba nini, wanangu?"

"Njia ya maji, jjajja," nikasema, nikimwita bibi kwa lugha yake. "Tunafuata mpaka."

"Mpaka wa nani na nani?"

Nikatazama upande wa kulia. Ilikuwa migomba yake. Nikatazama upande wa kushoto. Ilikuwa migomba yake vilevile. Nilikuwa nimepima kila inchi ya mahali pale, nikijua maji yatashuka kwa kasi gani na yatafika na nguvu gani, na swali hilo sikuwa nimejiuliza. Ssentebe naye hakujiuliza. Wala mwingine yeyote katika wale waliokuwa wameshika majembe, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwapo pale wakati wa vita. Aliyekuwapo ni yeye peke yake.

"Huyu ni mume wangu," akasema, akiweka mkono kwenye mche wa kwanza. "Wale wawili ni wanangu. Tungewapeleka kijijini walipolala wakubwa wao, lakini njia ilikuwa imefungwa. Hapakuwa na mbao wala saruji. Nilikuwa na oluwaanyi tu."

"Na wa nne, jjajja?" Ssentebe akauliza. Alikuwa amevua kofia.

"Wa nne simjui. Nilimkuta langoni asubuhi moja. Nilimvuta mpaka hapa mwenyewe. Udongo wa hapa ni laini, sehemu nyingine zote ni mawe."

Nilijua kuwa ni mawe. Udongo ule uliowafaa wao ndio ulionifaa mimi.

Yule mama wa maneno mengi alipangusa mikono kwenye kitenge chake. Akapiga magoti mbele ya bibi, akaanza kumsalimia upya, ile salamu ndefu ya msibani, kwa sauti ya chini. Alimpa pole ya mume. Akampa pole ya watoto. Akampa pole ya mgeni. Alipoinuka, mwingine akapiga magoti mahali pake, kisha mwingine. Wanaume wakafuata, wakichuchumaa. Ilichukua muda mrefu. Miaka ilikuwa imepita tangu mazishi yale, na mtaa ulikuwa umejaa watu waliokuwa wakipita langoni kwake kila siku na madumu, lakini hakuna aliyewahi kumpa pole kwa sababu hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa wa mwisho. Luganda changu cha darasa la pili hakina maneno ya msiba, kwa hiyo nilisema tu, "Jjajja, nisamehe." Akanishika kichwa kama mtoto.

Tulifukia kipande cha mtaro kilichokaribia miche. Kisha nikaketi pembeni na karatasi, kwa maana Jumatano ilikuwa palepale.

Kuzunguka kwa barabara kulitaka paipu kumi na mbili zaidi, na nilijua stoo ilikuwa imebaki na buibui tu. Mwamba sikuweza kuupasua. Paipu zangu zingeweza kufika upande wa juu wa makaburi, karibu na lango la bibi, na hapo njia ingekatika. Nikageuza hesabu. Tangu mwanzo nilikuwa nikipeleka maji mahali bomba lilipokuwa, lakini hakuna sheria ya maumbile inayosema bomba lisihame. Fundi wa kawaida asingeliona hilo. Mimi niliona, na nilieleza.

"Tutasimamisha bomba hapa juu, langoni."

"Sisi wa chini tupande?" mtu mmoja akalalamika.

"Kwani sasa napanda na nini kutoka bondeni, ndege?" yule mama akamjibu. "Hapa ni nusu ya njia."

Ila bomba la umma lazima lisimame kwenye njia ya umma, si ndani ya ua wa mtu, na mahali nilipopataka palikuwa ndani ya ua wa matete wa bibi. Nilijikaza nikamweleza. Nilimwambia pia ukweli wote, kwamba watu watajaa pale tangu alfajiri, na watagombana.

Akafikiri. "Sogezeni ua wangu ndani," akasema. "Hatua nne zinawatosha?"

"Tatu zinatosha, jjajja."

"Chukueni nne. Watu wanasukumana." Kisha akanitazama. "Wewe uliyesoma. Bomba hili litawekwa kwenye karatasi huko mjini?"

"Ndiyo. Mchoro unakaa kwenye jalada la halmashauri."

"Basi hawa nao uwatie kwenye karatasi. Nikifa, atakuja mwingine na kamba yake, na ataona majani."

Nikamwahidi. Jumapili nzima, kengele za kanisa lililo juu ya kilima zikilia kila mara, nilichora. Nilikuwa nimekuja na karatasi nzuri, wino mweusi na kalamu za michoro kutoka Nairobi. Ninaweza kusema bila kusita kuwa halmashauri ile haikuwa imepokea mchoro safi kama ule kwa miaka mingi. Barabara, nyumba, mwamba, paipu na koki vyote vilikuwa kwa kipimo. Na katika upenyo wa udongo nilichora duara nne ndogo. Bibi aliketi kando yangu akinitajia majina. Tulipofika kwenye duara ya nne nikainua kalamu.

"Huyu niandike nani, jjajja?"

"Andika Mgeni."

Jumatatu na Jumanne tulilaza paipu. Kila kiungo nilikizungushia katani na kukipaka rangi nyekundu kama nilivyofundishwa, na sikumruhusu mtu mwingine kukaza hata kimoja. Jumanne mchana, mikono bado myekundu, nikampelekea mchoro yule mama wa leseni.

Aliutazama kwa muda, akapendezwa, niliona. Kisha kidole chake kikasimama.

"Hizi duara ni koki za aina gani?"

"Si koki, mama." Nikamweleza.

Akaondoa miwani. "Mwanangu, unajua ulichofanya? Kuzika mtu kwenye kiwanja cha mji bila kibali ni kosa. Mchoro huu ukipanda ghorofani na neno kaburi, atapewa bwana wa makaburi. Yule ni mtu wa sheria. Ataandika barua wafukuliwe."

Sikuwa nimelifikiria hilo kabisa. "Nizifute?"

"Ulimwahidi nini mwenye nyumba?"

"Kwamba zitakuwamo."

Akachukua kitabu cha kanuni za mabomba, kilichopoteza jalada lake, akafunua kurasa akilowesha kidole. "Michoro ya maji inaruhusiwa kuonyesha nini? Bomba, koki, paipu... mwamba, mizizi mikubwa, na sehemu nyingine zisizochimbwa." Akanigeuzia kitabu. "Pale panachimbwa?"

"Hapachimbwi, mama."

"Basi andika hivyo. Mahali pasipochimbwa. Huo ni ukweli, na ni ukweli wa idara yangu."

Nikaandika pembeni kwa herufi zangu nzuri: duara, mahali pasipochimbwa.

"Na majina?" nikauliza.

"Kanuni haikatazi majina. Yaache." Akagonga muhuri, akaupulizia wino ukauke. "Ana bahati huyo bibi. Wangu hata majani hawana." Kisha akanywa chai yake na kuniambia niondoke, wauza nyama wanangoja.

Jumatano alikuja kwa miguu kutoka mjini, kwa sababu ofisi haikuwa na gari, daftari la leseni likiwa kwapani na glasi yake mwenyewe mkononi. Mtaa mzima ulikuwa langoni kwa bibi. Nilipanda barabara ya juu, nikafungua koki kuu, nikashuka mbio. Bomba likapumua, likanyamaza.

"Inakohoa," mtu akasema.

"Ni hewa," nikajibu. "Ngojeni."

"Bwana Dipuloma, tunangoja tangu vita!"

Likapumua tena, likatema kutu, likatema matope mekundu yaliyowarukia watu wa mbele, kisha maji yakaja, ya kahawia kwanza, halafu meupe, kwa nguvu niliyokuwa nimeihesabu. Wanawake walipiga vigelegele. Yule mama wa gauni alitia kichwa chake chote chini ya bomba, na nywele zake za kusuka. Mama wa leseni aliyaacha yamwagike kidogo, akakinga glasi, akaitazama dhidi ya jua, akanywa.

"Ssentebe, nipe meza," akasema.

Akaniandikia leseni juu ya cherehani, Ssentebe akagonga muhuri wake kwenye barua, na nikawa fundi bomba wa Kampala mwenye leseni. Tangu hapo nimefunga maji hospitalini, shuleni, na kwenye majumba ya watu wakubwa mnaowajua. Bomba lile ndilo ninalolipenda.

Jioni ile nilimpelekea bibi nakala ya mchoro niliyomchorea yeye. Alikuwa ametoa kiti nje, anawaelekeza watu wapange madumu kwa mstari na amekwisha kugombana na wawili. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye majina, akayasoma moja moja kwa sauti. Kisha akakunja uso.

"Mume wangu umemlaza karibu na jiko."

"Ndivyo ilivyo, jjajja. Nimepima."

"Hakulala karibu hivyo. Hakupenda moshi. Nilimweka mbali."

Nikaenda kupima tena mbele yake, kwa tepu ya Ssentebe. Hatua saba na nusu kutoka jikoni, kama nilivyochora. Sikuwa nimekosea hata kwa upana wa kidole. Nikarudi na kuketi kwenye ngazi yake. Nikatoa wembe, nikakwangua ile duara kwa uangalifu, karatasi isitoboke, nikaichora upya upande wa migomba, mbali na moshi.

"Hapo?"

"Hapo," akasema.

Mchoro wa halmashauri una kipimo cha kweli. Wa kwake una mume wake mahali alipotaka yeye alale. Yote miwili ina sahihi yangu chini.